Anti, ni kweli unene wangu ndio umelaza nyayo zangu?

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 24, msusi, naishi Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe ambako bodaboda anakushusha chini na kukuambia malizia mwenyewe. Naomba jina langu usilitoe. Wateja wangu wengi wanaisoma safu yako, na wakishakaa kwenye kiti ndiyo tunaijadili mpaka nywele ziishe.

Nina urefu wa sentimita 158 na kilo 88. Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa hivi. Mwili umekuja pole pole tangu nianze kazi ya saluni, maana kazi yenyewe ni kusimama sehemu moja, na chakula chenyewe ni kile kinachopita mlangoni: chapati, sambusa, chipsi mayai, na soda baridi jua la mchana likishakolea. Sijawahi kuuchukia mwili wangu. Mchumba wangu naye ameukuta hivi hivi na hajalalamika.

Shida ni miguu na mgongo. Asubuhi nikishuka kitandani, kisigino cha kulia kinachoma vibaya kwa hatua zile za kwanza, nikizunguka zunguka uani kinaachia, jioni kinarudi. Nikiwa na mteja wa rasta ndogo ndogo, kiuno kinakaza hadi naegemea mgongo wa kiti chake huku nasuka. Nikipanda ngazi za mawe kurudi nyumbani, nyayo zinawaka upande wa ndani. Hata raba zangu zinalika upande wa ndani tu, huku nje soli bado ina meno yake.

Mwezi uliopita nilikwenda na mdogo wangu kwenye jimu moja iliyotangaza siku ya majaribio bila malipo. Mwalimu akaleta beseni la maji, akatuambia tuloweshe miguu na kukanyaga sementi kavu. Alama yangu ilitoka nzima kuanzia kidole gumba hadi kisigino, hakuna pengo katikati. Akanipeleka kwenye planki, lile zoezi la kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu. Nilianguka kabla hajahesabu hadi ishirini. Akasema mbele ya watu wote: "Dada, huu uzito ndio umelaza nyayo zako na kuua misuli ya kati ya mwili. Usipotoa kilo thelathini utakuja kutembea na fimbo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Sasa sikia kinachonichanganya. Mdogo wangu ana miaka 20, urefu sentimita 163, kilo 47. Yule ukimuona unadhani upepo wa ziwa utamchukua. Alama yake nayo ilitoka nzima kama yangu! Na kwenye planki alianguka kabla yangu. Yeye akaambiwa tu, "Wewe kula ushibe."

Mama yangu yuko Misungwi. Nilipompigia akasema niache kupoteza hela, nyayo hizo ni za ukoo wa marehemu baba, na baba alizilimia maisha yake yote. Halafu akashusha sauti: "Mwanangu, ukikonda sasa hivi, mahari haijatolewa, watu watasema umeanza dozi." Anti, unajua dozi anayoisema.

Mchumba wangu anatengeneza mashine za boti kule Igombe. Yeye anasema niache kabisa ususi, atanifungulia genge nikae chini. Ananipenda, najua, lakini ususi ndiyo kazi niliyoisomea kwa mikono yangu. Na mteja wangu mmoja ananiuzia chai ya kupunguza mwili, anasema kilo tano kwa wiki, ameniachia pakiti moja ya mkopo iko kabatini.

Mwezi ujao mchezo unaniangukia mimi, laki tisa. Nilikuwa nimeipangia hiyo hela iwe mwanzo wa saluni yangu mwenyewe, kiti na draya. Mwalimu wa jimu amenipigia hesabu ya miezi sita pamoja na soli za kutengenezewa, inaimeza karibu yote. Je, ni kweli ni uzito? Nipungue kwanza, au nifungue saluni na miguu nitajua mbele ya safari?

Msusi wa Mabatini

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimevua viatu, na nadhani wasomaji wengi wanaosimama kutwa nzima, wauza dagaa wa Mwaloni, walimu, makonda, wameisoma wakikanda visigino vyao. Uliyoyaleta ni mambo mawili yaliyofungwa kwenye khanga moja. Kuna maumivu, ambayo ni ya kweli na yana majina. Na kuna neno ulilotupiwa mbele za watu, ambalo limekufanya uione laki tisa kama faini ya kuwa na mwili. Ningependa tuyafungue moja moja, kwa sababu mwalimu wako hakuongea uongo mtupu, ila alifupisha mno.

Nianze na kile alichopatia. Wayo una mifupa 26, na uvungu ule wa upande wa ndani hausimami kwa mifupa peke yake. Chini yake kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Kuna msuli mmoja wenye kazi kubwa unaoshuka nyuma ya muundi, unapita nyuma ya kifundo upande wa ndani na kujishikiza chini ya wayo. Huo ndio unaouinua uvungu kila unapokanyaga. Hivi vyote vinabeba kilo zako kila hatua, na kutembea kwa kawaida tu kunaupa mguu mmoja mzigo unaozidi kidogo uzito wa mwili mzima. Uzito ukiongezeka, wayo unatanuka na kurefuka kidogo, uvungu unashuka, kisigino kinalalia ndani. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa vijana zimekuta kwamba wenye uzito mkubwa wana nyayo zilizolala zaidi kuliko wenzao. Kadhalika, maumivu ya kisigino yanayochoma kwa hatua za kwanza za asubuhi, hayo yako hasa, huwapata zaidi watu wenye uzito mkubwa na wanaosimama muda mrefu kwenye sakafu ngumu. Wewe una vyote viwili.

Na tumbo? Tumbo likija mbele, kitovu cha uzito wa mwili nacho kinasogea mbele. Nyonga inainamia mbele, kiuno kinajikunja kwa ndani ili usianguke, mapaja yanageukia ndani, magoti yanafuata, na wayo unamalizia kwa kulala. Kwa hiyo kuna mnyororo kutoka kiunoni hadi kidole gumba. Ila mnyororo huo huo unaweza kuvutwa kutoka chini: wayo uliolala tangu utotoni unaugeuza mguu kwa ndani, mguu unaiinamisha nyonga, kiuno kinalipa. Mtu akikuona leo umesimama saluni, hawezi kujua kwa kukutazama tu ulianzia wapi. Ndiyo maana tafiti zile nilizozitaja, nyingi zikiwa zimempima mtu mara moja tu, zinaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja bila kusema lipi limelitangulia jingine.

Sasa beseni la maji. Hapa nina ugomvi kidogo na mwalimu wako. Kuloweka mguu na kukanyaga ni njia ya zamani, rahisi, na haina ubaya kama kionjo. Lakini ina kasoro inayojulikana kwa watu wenye miili minene: chini ya wayo kuna nyama na mafuta, na vikiwa vingi vinagusa sakafu hata kama mifupa iliyo juu yake imekaa vizuri. Alama ya maji haiwezi kuutofautisha wayo bapa na wayo mnene. Watafiti wa mambo ya miguu waliliandikia hilo miaka ya mwanzoni ya 2000, wakionya kwamba kipimo cha alama kinawasingizia watu wenye mafuta mengi. Wataalamu wa viungo wana njia nyingine. Unasimama kwa utulivu, wao wanakuzunguka na kukagua mambo sita: vifundo, kisigino kimelalia wapi, mfupa wa upande wa ndani umejitokeza kiasi gani, uvungu umeinuka vipi, na kadhalika. Kila kimoja kinapewa alama kuanzia kutoa 2 hadi kujumlisha 2. Jumla ikiwa kati ya 0 na 5, wayo ni wa kawaida. Tazama hapo, kawaida yenyewe imeegemea upande wa kulala kidogo. Wayo wa binadamu mzima mwenye afya haukai wima kama wa sanamu.

Kuna jambo unaweza kulitazama mwenyewe nyumbani, mdogo wako akiwa nyuma yako. Simama ukiwa umeshika ukuta, kisha inuka kwa vidole. Aangalie kama uvungu unajitokeza na visigino vinageukia ndani kidogo unapopanda. Kama ndiyo, wayo wako ni bapa lakini unanyumbulika, na watu wengi sana wanaishi na nyayo za namna hiyo hadi uzeeni bila kuumwa. Huenda marehemu baba yako alikuwa mmoja wao, na mama yako hasemi mambo ya kubuni: umbo la wayo hurithiwa. Kama uvungu hautokei kabisa, au mguu mmoja unashindwa kuinuka huku mwingine unapanda, au mguu mmoja ulikuwa na uvungu na sasa umelala peke yake huku umevimba nyuma ya kifundo, hapo habari ni nyingine, na usingoje mchezo wako uanguke ndiyo uende hospitali.

Na planki, mwanangu. Ulipojishikilia pale ulikuwa umebeba kilo 88. Mdogo wako alikuwa amebeba 47. Akaanguka kabla yako. Nani mwenye misuli dhaifu hapo? Watu wenye miili mikubwa wanapopimwa nguvu ghafi mara nyingi wanazo nyingi kuliko wembamba, kwa sababu misuli inafanya kazi ya kubeba kila siku. Ni pale nguvu hiyo inapogawanywa kwa uzito wanaoubeba ndipo wanapoonekana wako nyuma. Misuli ya kati ya mwili si ile ya kuonyesha ufukweni. Ni ile ya tumbo iliyo ndani kabisa inayozunguka kama mkanda, ile midogo inayoshika pingili za mgongo, kiwambo cha kupumulia kwa juu, na misuli ya sakafu ya nyonga kwa chini. Hiyo inachoka kwa asiyeitumia, mnene au mwembamba. Kwa hiyo mwalimu alipokwambia uzito umeiua, hakuutazama ushahidi uliokuwa umelala sakafuni pembeni yako.

Sikwambii kwamba kilo zako hazina neno. Ukigawanya uzito wako kwa urefu wa mita mara wenyewe unapata 35, na Shirika la Afya Duniani linahesabu 30 kwenda juu kuwa ni unene uliozidi. Hilo linagusa sukari na presha, si miguu pekee. Ila kilo thelathini kwa mkupuo, tena kama sharti la kutembea bila fimbo, ni hesabu ya kumtisha mtu. Faida kwenye presha na sukari huanza kuonekana mtu akipungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Kwako wewe hizo ni kama kilo 4 hadi 9. Kwenye magoti kuna kipimo kimoja kilichofanywa Marekani na kuchapishwa 2005, kwa watu wazima waliokuwa na uzito mkubwa na magoti yaliyosagika: kila kilo moja waliyopungua iliupunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Wewe si mzee wala hujasema goti linakuuma, lakini unapanda ngazi za Mabatini kila jioni, unaweza kuipigia hesabu mwenyewe.

Hapa ndipo ningependa tukae na mama yako kidogo. Anachokiogopa si kijinga. Katika miji yetu binti akikonda kabla ya harusi, midomo inafanya kazi, na mama ndiye anayeulizwa sokoni. Lakini sikiliza neno alilolitumia: "ukikonda sasa hivi". Woga wake uko kwenye ghafla. Mwili unaopungua nusu kilo kwa wiki hautangazi chochote, nguo zinalegea kidogo kidogo na wifi watarajiwa wanadhani umebadilisha fundi. Sijui kama utataka kumweleza hivyo au utaamua mwili wako si mada ya simu ya Misungwi. Yote yanawezekana. Binafsi naona mama anayelindwa na ukweli mdogo huwa mshirika, ila wewe ndiye unayemjua.

Pakiti iliyo kabatini imenitia wasiwasi kuliko laki tisa. Nyingi ya chai hizi zina majani ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu maji yametoka, pamoja na chumvi ambazo moyo unazihitaji, na ukinywa maji inarudi. Nyingine zimewahi kukutwa nje ya nchi zimechanganywa kimya kimya na sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Siwezi kujua ya mteja wako ina nini, na yeye pia hajui. Angalia kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na jiulize vipi utasimama na mteja wa rasta kwa muda wa saa sita ukiwa unakimbilia choo. Kumrudishia pakiti mteja ni jambo la aibu kidogo, najua, hasa akiwa analipa vizuri.

Tuje kwenye jimu. Ina uzuri wake: kuna ratiba, kuna wenzako, kuna mtu wa kukusahihisha. Hatari yake ni kwamba mtu aliyekufanya uchekwe siku ya kwanza anaweza kukufanya uache wiki ya tatu, na hela umeshalipa. Tena mtu mwenye kisigino kinachochoma akianzishiwa kuruka kamba na kukimbia, anarudi nyumbani akichechemea. Ungeweza kumuuliza kama analipwa kwa mwezi badala ya miezi sita, na kama yuko tayari kuanza nawe kwa daraja la kulala chali na kuinua nyonga, planki ya magotini, na kupiga magoti ukiwa umeshika chini kwa mikono, kisha unanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Mazoezi hayo ndiyo yanayoirudisha misuli ya kiuno kazini, na hayahitaji mashine. Kwa wayo kuna kuinuka kwa vidole taratibu, na kuna lile la kuivuta sehemu ya wayo iliyo nyuma tu ya vidole kuelekea kisigino bila kukunja vidole, uvungu ukipanda. Mara za kwanza utaona vidole vinagoma kabisa. Havijawahi kuambiwa vifanye hivyo.

Soli za kutengenezewa nazo zina watu zinaowafaa, lakini kwa maumivu ya kisigino kama yako, utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa 2006 uliwafuatilia watu kwa mwaka mzima na kukuta soli za kununua tayari na zile za kutengenezewa hazikutofautiana sana mwishoni. Maana yake huhitaji kuanza na za bei kubwa. Kabla ya soli kuna kiatu chenyewe. Ukienda kuchagua mitumba Mlango Mmoja, bonyeza nyuma ya kisigino, pasibonyee kirahisi. Shika kiatu mbele na nyuma ukikamue, kisikubali kujipinda katikati, kipinde pale vidole vinapoanzia tu. Kisha kigeuze uone aliyekivaa kabla yako alikimaliza upande gani, maana raba iliyokwisha kulala ndani kwa miguu ya mtu wa mbali itaendelea kukulaza na wewe. Kandambili za saluni ziache kwa ajili ya bafuni.

Mchumba wako amewaza vizuri kwa moyo, ila genge nalo lina mambo yake. Muuza genge anaamka kabla ya alfajiri kwenda sokoni, anabeba ndoo za nyanya, anainama. Kukaa kutwa nzima kwenye kigoda hakumsaidii mtu anayetaka misuli ya kiuno ichangamke. Na kuna swali ambalo si la miguu: utajisikiaje mapato yako yakianza na zawadi yake, na kazi yako uliyoijengea jina imeachwa? Huenda ukajisikia sawa. Wengine wanajisikia. Ila liongeeni kabla ya mahari, likiwa bado ni wazo.

Halafu kuna saluni yako, na hapa nadhani umeitenganisha na miguu yako bila sababu. Umeandika kana kwamba hela ni ama ya afya ama ya kiti. Kiti unachotaka kununua ni kipi? Ukipata kile cha kupanda na kushuka, mteja anakuja usawa wa mikono yako badala ya wewe kumfuata kwa kiuno. Stuli ndefu yenye magurudumu inakuwezesha kusuka nusu ya kichwa ukiwa umekaa. Zulia nene la mpira pale unaposimama linaipunguzia sementi ukali. Kigoda kifupi cha kuweka mguu mmoja juu, kisha mwingine, kinakilegeza kiuno. Kwa mwajiri hayo yote si yako kuyaamua. Kwenye saluni yako unaamua hata mteja wa rasta aje saa ngapi na mpumzike lini. Upande wa pili wa shilingi unaujua kuliko mimi: mwenye saluni haondoki jioni, mwezi wa kwanza wateja wachache, kodi haisubiri, na chipsi mayai zinapita mlango huo huo.

Kabla hujamkabidhi mtu yeyote fungu kubwa, kuna fungu dogo ambalo mimi ningelitenga. Pitia kituo cha afya upimwe presha na sukari, hasa kama unasikia kiu isiyoisha au unaamka usiku kukojoa mara nyingi, kwani sukari nayo inaweza kuzifanya nyayo ziwake. Ukiomba rufaa, Sekou Toure na Bugando zote zina wataalamu wa fiziotherapia ambao wataangalia wayo, nyonga na kiuno kwa pamoja, wakuambie unaumwa nini hasa na uanze wapi. Maumivu ya kisigino ya aina uliyoyaeleza, kwa wengi huisha bila upasuaji, ila yanachukua miezi. Wakati unasubiri, kabla hujakanyaga chini asubuhi, kaa kitandani uvute vidole vya mguu kuelekea kwako, ushikilie kidogo, urudie. Ganzi miguuni, mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia haja, hayo hayasubiri rufaa wala foleni, ni ya siku ile ile.

Ukishajua miguu yako ina nini, niandikie tena uniambie laki tisa imeelekea wapi. Inaweza kugawanyika kwa namna ambayo mimi na mwalimu wa jimu hatujaiwaza.

Nimebaki na mtu mmoja ambaye barua yako imempitia haraka. Kilo 47 kwa urefu ule, kwa hesabu ile ile iliyokupa wewe 35, inampa mdogo wako chini ya 18, wakati kawaida inaanzia 18.5. Alama yake haikuwa na pengo, na yeye hana mafuta ya kusingiziwa kwenye unyayo. Alianguka haraka kuliko wewe, akaambiwa ale ashibe, watu wakaendelea. Inawezekana ndivyo alivyoumbwa. Inawezekana pia anachoka, damu yake ni ndogo, au anaruka milo kwa sababu ambazo hajakwambia. Siku ya kwenda kupima, nenda naye, na wewe ndiye uanze kupanda mizani ili asijione anachunguzwa peke yake.

Wako, Anti